Choo cha jengo la biashara: kipangwe kabla ya msingi

Wiki hii tunazungumzia jambo ambalo wengi wetu hatupendi kulitaja hadharani, lakini hakuna apitishaye siku bila kulihitaji. Nalo ni choo. Na hasa choo cha jengo la biashara.

Ukipita barabara ya lami inayotoka Bukoba kupitia Muleba kuelekea Biharamulo, utaona fremu za maduka zikiota kila upande. Hali ni hiyo hiyo ukipanda Kamachumu au ukielekea Nshamba. Ndugu zetu wengi waliojaaliwa na Allah (s.w.) kupata mtaji kidogo wanaona kujenga fremu za kupangisha ni njia nzuri ya kujitafutia riziki ya halali. Hilo ni jambo jema. Tatizo ni kwamba katika majengo mengi choo hufikiriwa mwisho kabisa, baada ya bati kupigwa, milango ya chuma kuwekwa na rangi kupakwa. Hapo ndipo mwenye jengo hugundua kuwa nyuma imebaki hatua tatu za ardhi, fundi huambiwa "tafuta pa kuchimba", na shimo huchimbwa palipobaki nafasi badala ya panapofaa.

Makala haya yana nasaha moja kubwa: choo cha jengo la biashara kipangwe kwenye karatasi kabla ya jembe la kwanza la msingi kupigwa. Kosa lililo kwenye karatasi husahihishwa kwa kifutio. Kosa lililofukiwa chini ya zege hubomolewa kwa nyundo, na mara nyingi wanaolipia ni watu ambao hawakulijenga jengo lile wala hawapangi pale.

Nani hasa hulipia?

Jiografia yetu inaeleza yenyewe. Sehemu kubwa ya Muleba na Bukoba ni miinuko na mabonde. Makazi, vibanja vya migomba na maduka yako juu ya miinuko, na chemchemi ziko chini bondeni. Mvua nayo si haba. Ukanda wa Bukoba ulio kando ya Ziwa Victoria hupata takriban milimita 2,000 kwa mwaka. Maji yale huingia ardhini, hushuka taratibu na kutokeza chini kama chemchemi, ambako mama na mtoto huenda na ndoo zao. Kwa maana hiyo, kinachomwagwa ardhini juu ya mwinuko kinaweza kufika kwenye ndoo ya mtu aliye bondeni ambaye hajawahi hata kuingia katika duka lile.

Magonjwa yanayopita njia hii tunayajua: kipindupindu, homa ya matumbo, kuhara damu na minyoo. Kwa wenzetu wa visiwani, kama Bumbire na Ikuza, na wa mialo ya ziwani kuna pia kichocho cha tumbo, ambacho mayai yake hutoka katika kinyesi cha mgonjwa, hufika kwenye maji, hukua ndani ya konokono na kumrudia binadamu kupitia ngozi anapoingia ziwani.

Jambo hili lina historia. Mwaka 1854 kipindupindu kiliua mamia ya watu katika eneo dogo la jiji la London, Uingereza. Daktari John Snow alionesha kuwa wengi waliougua walikuwa wamekunywa maji ya kisima kimoja kilichokuwa katika mtaa wa Broad Street. Kisima kile kilipofukuliwa baadaye, ilionekana kuwa shimo la majitaka la nyumba ya jirani lilikuwa umbali usiofika hata mita moja kutoka kisimani, na kuta zake zilikuwa zimeoza. Waliokunywa hawakuwa na habari, kwani maji yale yalionekana safi machoni.

Sisi Waislamu tuna sababu ya ziada ya kulizingatia jambo hili. Mtume (s.a.w.) ametukataza kujisaidia kwenye vyanzo vya maji, njiani na kwenye vivuli wanapopumzika watu. Mwenye kujenga shimo linalovuja kuelekea chemchemi hajafanya kwa mkono wake, lakini matokeo ni yale yale. Isitoshe, maji yale ya bondeni ndiyo tunayonywa na ndiyo tunayotawadhia.

Anza kwa kuhesabu watu

Mpango wa choo huanza na hesabu. Tuchukue mfano wa jengo la fremu 10, na kila fremu ina watu 2 wanaokaa kutwa nzima. Hao ni watu 20. Kila mmoja akienda chooni mara 3 kwa siku, inakuwa mara 60. Ongeza wateja, abiria wanaoshuka kwenye mabasi na wale wa mgahawa; tukadirie mara nyingine 60. Jumla ni mara 120 kwa siku.

Sasa tuhesabu maji. Choo chenye tangi dogo la kuvuta hutumia takriban lita 6 kila linapovutwa; kile cha kumwagia kwa kopo hutumia lita 2 hadi 3. Kustanji tuweke lita 2, na kunawa mikono kwa sabuni lita 1. Kwa choo cha kuvuta hiyo ni lita 9 kila mara. Zidisha kwa 120 utapata lita 1,080. Ongeza za kudekia na akiba kidogo, tuseme lita 1,300 kwa siku. Hivyo tangi la lita 1,000 halifiki hata jioni, na tangi la lita 5,000 linatosha karibu siku 4 endapo maji ya bomba yatakatika. Mwenye jengo akishajua namba hii ndipo anajua anunue tangi gani, ajenge mnara wa ukubwa gani na karo la ukubwa gani. Bila namba hii kila kitu ni kubahatisha.

Idadi ya vyumba nayo itokane na hesabu. Kwa shule zetu hapa Tanzania kipimo ni tundu 1 kwa wasichana 20 na tundu 1 kwa wavulana 25. Jengo la biashara si shule, lakini kipimo hicho kinasaidia kufikiri. Kwa mfano wetu, vyumba 4 ni vya kiasi: 2 vya wanawake, 1 cha wanaume na 1 kipana cha mtu mwenye ulemavu, mzee au mama mwenye mtoto. Chumba hicho kipana kiwe na mlango wa sentimita 90, kishikilio ukutani, na njia ya mteremko badala ya ngazi: kwa kila sentimita 1 ya kupanda, njia iwe na urefu wa sentimita 12.

Upande wa wanawake uwe na mlango wake unaotazama mbali na wa wanaume, uwe na komeo la ndani, taa, na chombo chenye kifuniko cha kuwekea taulo za kike zilizotumika. Hili si anasa. Mwanamke anayeuza duka kutwa nzima bila choo cha stara hujizuia kunywa maji na hubana mkojo hadi jioni. Tabia hiyo huchangia maambukizi ya njia ya mkojo, na kwa mjamzito maambukizi hayo ni hatari kwake na kwa mtoto aliye tumboni.

Kiwekwe wapi, kielekee wapi?

Kanuni ya kwanza: vyumba vyote vyenye maji vikae pamoja, vikigawana ukuta mmoja. Choo cha wanaume kigeukiane mgongo na cha wanawake, na jiko la mgahawa liwe jirani. Hapo mabomba yanakuwa mafupi, kona zinakuwa chache, na mahali pa kuziba panapungua. Kama jengo ni la ghorofa, choo cha juu kikae sawasawa juu ya choo cha chini.

Kanuni ya pili: majitaka hushuka kwa uzito wake, hayapandi. Hivyo choo kiwe upande wa kiwanja ambao mabomba yatapata mteremko hadi kwenye karo bila kupita chini ya sakafu za maduka. Bomba likiziba chini ya duka la mtu, utavunja sakafu yake na bidhaa zake zikiwa ndani.

Kanuni ya tatu: karo na shimo la kunyonyea maji viwe angalau mita 30 kutoka kisima au chemchemi yoyote, na kitako cha shimo kiwe angalau mita 1.5 juu ya usawa wa maji ya ardhini. Hicho ni kiwango cha chini. Kama chemchemi iko moja kwa moja chini ya mteremko wako, sogea mbali zaidi. Usipime kisima chako peke yako. Zunguka kwa jirani uulize wanachota wapi.

Kanuni ya nne inawahusu zaidi Waislamu, nayo ni mwelekeo. Tumefundishwa tusielekee kibla wala kukipa mgongo tunapojisaidia. Wanazuoni wametofautiana kama katazo hilo linahusu pia ndani ya jengo, lakini wakati choo bado kiko kwenye ramani, kukigeuza hakugharimu hata shilingi moja. Kwa Muleba, kibla kiko kaskazini kikipinda kwa kiasi cha nyuzi 19 kuelekea mashariki. Kwa lugha nyepesi, ukisimama ukalielekea ziwa upande wa mashariki, kibla kiko kushoto kwako, mbele kidogo. Hivyo mtumiaji akielekea mashariki au magharibi tumeepuka tatizo. Mwambie fundi mapema, kwani sinki likishajengewa kwenye zege halizungushiki.

Mabomba: mteremko, maji ya kuziba na hewa

Hapa ndipo mafundi wengi huharakisha na ndipo pa kusimama nao. Bomba la choo liwe la inchi 4. La beseni la kunawia linatosha kuwa la inchi 1.5 hadi 2. Bomba la inchi 4 literemke sentimita 2.5 kwa kila mita 1. Kwa hiyo kama kutoka chooni hadi kwenye karo ni mita 10, mwisho wa bomba uwe chini ya mwanzo wake kwa sentimita 25. Fundi apime kwa uzi na pimamaji, asipime kwa jicho. Mteremko ukiwa mdogo mno uchafu hutuama. Ukiwa mkali mno, maji hukimbia yakauacha uchafu mzito nyuma, nao hukauka na kuziba.

Kila bomba linapopinda au kukutana na jingine, jengwe chemba yenye mfuniko unaofunguka. Kona ya ghafla ya nyuzi 90 iepukwe. Ziwekwe kona mbili za nyuzi 45 ili uchafu uzunguke taratibu. Na popote bomba linapopenya ukuta au msingi, liachiwe upenyo kidogo kulizunguka. Watu wa Kagera hatujasahau tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lililobomoa nyumba nyingi na kuua watu. Bomba lililobanwa na zege pande zote, ukuta unapocheza nalo hupasuka, na ufa wake hauonekani.

Baada ya mteremko kuna maji ya kuziba. Ukitazama chini ya sinki la choo au la kunawia utaona bomba limejikunja kama shingo ya bata, na katika mkunjo ule hubaki maji wakati wote, kiasi cha sentimita 5. Maji yale ndiyo mlango unaozuia harufu, mende na nzi kutoka kwenye karo kuingia chumbani. Mwaka 1775 fundi wa saa Alexander Cumming alipata hataza ya choo chenye mkunjo huo, na hadi leo dunia nzima inautumia. Fundi anayekuambia "tuweke bomba moja kwa moja, halitaziba" anakuondolea mlango huo. Hata tundu la sakafuni la kutolea maji liwe na mkunjo wake. Na chumba kisichotumika kwa wiki kadhaa kimwagiwe kopo la maji, kwani maji ya mkunjo yakikauka harufu huingia.

Mkunjo nao unahitaji bomba la hewa. Maji mengi yakishuka kwa kasi ndani ya bomba lisilo na hewa, huyanyonya maji ya mkunjo na kuuacha mtupu. Dalili yake ni mlio wa "gulu gulu" kwenye sinki la pili pale la kwanza linapovutwa. Dawa yake ni bomba linalosimama kutoka kwenye njia ya majitaka hadi juu ya paa, mbali na madirisha, likiwa na wavu mdomoni. Wenye majengo wengi hulikata bomba hili ili kupunguza gharama, kisha hutumia fedha zaidi kununua dawa za kuondoa harufu.

Maji safi yasikutane na maji machafu

Ndugu msomaji, sehemu hii ni ya kuzingatia sana katika nyumba za Waislamu, kwani sisi hustanji kwa maji, na siku hizi wengi wameacha kopo na kuweka mpira wa kustanjia ukutani. Mpira ule ni mzuri, lakini una hatari iliyojificha. Ukiachwa umelala ndani ya sinki au ndani ya ndoo ya maji machafu huku koki ikiwa wazi, na mara maji ya bomba yakakatika, bomba huvuta kinyume kama mtu anayenyonya kwa mrija. Maji ya ndoo huingia kwenye bomba la maji safi, na maji yanaporudi hutoka kwenye koki ya kunywea. Mahali ambapo maji hukatika mara kwa mara, jambo hili si la kufikirika tu.

Kinga yake ni rahisi. Kwanza, maji ya chooni yatoke kwenye tangi la juu, yasiunganishwe moja kwa moja na bomba la mamlaka ya maji. Pili, kwenye bomba la mpira iwekwe valvu isiyoruhusu maji kurudi. Tatu, mdomo wa bomba linalojaza tangi uwe juu kuliko tundu la kumwagikia, ili maji ya tangi yasiuguse kamwe. Nne, kishikio cha mpira kiwe ukutani, na mpira uwe mfupi kiasi kwamba ukidondoka haufiki ndani ya sinki.

Tangi liwe juu kiasi gani? Kila mita 10 za kupanda huleta msukumo wa baa 1. Kwa hiyo mnara wa mita 3 hutoa msukumo mdogo wa baa 0.3, unatosha kujaza tangi la choo na koki ya kunawia, mradi mabomba yasiwe membamba mno. Tangi lifunikwe vizuri, kwani tangi lililo wazi huzaa mbu.

Tusisahau kuwa Allah (s.w.) ametujaalia mvua. Milimita 1 ya mvua ikinyesha kwenye mita 1 ya mraba ya paa huleta lita 1 ya maji. Paa la mita za mraba 100 likipata mvua ya milimita 10 hukusanya lita 1,000. Ukitoa yanayopotea, hubaki kama lita 800. Kwa jengo la mfano wetu hiyo ni zaidi ya nusu ya mahitaji ya siku kwa mvua moja ya wastani. Maji ya chooni si lazima yawe yamechemshwa wala kutibiwa, hivyo ya paa yanafaa kabisa.

Mahali pa kutawadhia pawe nje ya chumba cha choo, pawe na koki zake na kiti cha kukalia. Wafanyakazi wengi hudiriki adhuhuri na alasiri wakiwa kazini, na mtu asilazimike kutawadha pembeni ya sinki akihofia marusho ya najisi. Maji ya udhu na ya mvua yasiingizwe kwenye karo. Yaelekezwe kwenye mfereji wake au kwenye migomba. Ukiyaingiza kwenye karo, masika yatalijaza kabla ya wakati na uchafu utafumuka juu.

Karo na shimo la kunyonyea

Wengi hudhani karo husafisha maji. Ukweli ni kwamba karo hutenganisha tu: uchafu mzito huzama, mafuta huelea, na maji ya katikati hutoka. Maji hayo bado yana vijidudu vya maradhi, na usafishaji mkubwa hufanywa na udongo yanapopenya taratibu. Ndiyo maana umbali kutoka kisimani una maana kubwa.

Karo lijengwe kwa vyumba 2, cha kwanza kikichukua theluthi mbili. Kuta na sakafu zipigwe plasta ya saruji isiyovuja. Kwa lita 1,300 za kila siku, karo lenye nafasi ya maji ya lita 4,000 hivi hutoa muda wa uchafu kutulia na nafasi ya tope kukusanyika. Kwa vipimo vya ndani hilo ni karo la urefu wa mita 2.4, upana mita 1.2 na kina cha maji mita 1.4, chumba cha kwanza mita 1.6 na cha pili mita 0.8. Mhandisi na afisa afya wa halmashauri wathibitishe vipimo kulingana na kiwanja chako. Bomba la kuingilia na la kutokea yawe na umbo la herufi T, ili mafuta yaeleayo yasitoke na maji.

Kabla ya kuamua ukubwa wa shimo la kunyonyea, uulize udongo. Chimba shimo dogo kwa kina kilekile, lijaze maji ulilowanishe usiku kucha, kesho yake lijaze tena na utazame saa. Maji yakishuka upesi, udongo unanyonya. Yakikaa kwa saa nyingi, ni mfinyanzi na shimo moja halitatosha. Fanya jaribio hili wakati wa mvua, maana shimo linalonyonya vizuri Julai linaweza kukataa Aprili.

Jingine ambalo husahaulika ni gari la kunyonya majitaka. Karo huhitaji kunyonywa tope linapofikia theluthi moja ya kina chake, mara nyingi baada ya miaka 3 hadi 5. Uliza mapema gari hilo linatoka wapi, gharama yake ni kiasi gani, na hakikisha litafika karibu na mfuniko. Karo lililozungukwa na majengo pande zote hufurika hata kama mwenyewe ana fedha mkononi.

Kabla ya kufukia, jaribu

Fundi akishamaliza mabomba asifukie. Ziba mdomo wa chini wa bomba, lijaze maji, weka alama na usubiri nusu saa. Maji yakishuka, kuna kiungo kinachovuja. Kisha zibua, vuta maji katika kila sinki na utazame kwenye chemba kama yanapita bila kutuama. Piga picha mabomba yakiwa wazi, au chora ramani yake na uihifadhi pamoja na hati za jengo. Malipo ya mwisho ya fundi yafuate jaribio hili. Kwa kufanya hivyo hujamdhulumu wala hajakudhulumu.

Kwa upande wa sheria, usijenge kwa kujificha. Halmashauri ya Wilaya ndiyo itoayo kibali cha ujenzi, na Sheria ya Afya ya Jamii ya mwaka 2009 inawapa maafisa afya mamlaka ya kukagua usafi wa majengo. Mwite afisa afya aone ramani ukiwa bado hujatumia fedha. Ushauri wake wakati huo ni nafuu kuliko amri yake baadaye.

Jengo likifunguliwa

Choo kizuri kilichofungwa kwa kufuli ambalo ufunguo wake uko kwa mtu mmoja aliyekwenda sokoni si choo. Mwenye jengo na wapangaji wakubaliane kwa maandishi, ndani ya mkataba wa pango: nani anafanya usafi, mara ngapi kwa siku, nani ananunua sabuni, na nani anachangia kiasi gani cha kunyonya karo. Sabuni na maji ya kunawia viwe karibu na mlango wa kutokea. Mwezi Machi 2023 ugonjwa wa Marburg ulipotangazwa Bukoba Vijijini, na tena Januari 2025 kwa jirani zetu wa Biharamulo, kila mlango wa duka ulikuwa na haki ya kuwa na ndoo ya kunawia. Isiwe tunanawa wakati wa hofu tu, kwani kuhara huua watoto hata katika mwaka usio na tangazo lolote.

Ndugu msomaji, huenda wewe huna kiwanja wala fremu. Lakini huenda unapanga, na una haki ya kuuliza kabla ya kulipa kodi ya miezi 6: choo kiko wapi, maji yake yanatoka wapi na yanakwenda wapi? Wapangaji wengi wakiuliza hivyo, wenye majengo watajenga hivyo. Na kama unatarajia kujenga msikiti, madrasa au zahanati ya jumuiya, hesabu na vipimo tulivyovitaja vinakuhusu pia, tena zaidi, kwa sababu hapo watu wengi huja kwa wakati mmoja.

Twaa karatasi leo, chora kiwanja chako, weka alama ya chemchemi iliyo karibu, kisha chora choo. Maduka yafuate baadaye.